Kimeta na Mbegu Zake Zilalazo Ardhini

(Maneno haya yalisemwa barazani mbele ya wafugaji, wauza nyama na wachuuzi wa ngozi. Yanapigwa chapa hapa ili wale wasiofika nao wapate kuyasoma, na wasiojua kusoma wasomewe.)



Leo twataka kunena habari za kimeta. Hatukuja kuwaambia kwamba kimeta ni maradhi mabaya; jambo hilo mwalijua kuliko sisi, maana ninyi ndio wenye ng'ombe. Jioni fahali huingia zizini mzima, ameshiba na anacheua. Asubuhi yu chini amekwisha kufa, tumbo limefura, na damu nyeusi isiyoganda yamtoka puani na nyuma. Hayo mmeyaona. Ila liko swali moja ambalo wafugaji huulizana, na kila mtu hulijibu kwa namna yake. Maradhi haya hukaa wapi miaka ile ambayo hayaonekani? Hakuna ng'ombe mgeni aliyeletwa, wala jirani hakupatwa na msiba. Tangu mara ya mwisho imepita miaka kumi au ishirini, kisha ghafla yazuka tena, na mara nyingi mahali pale pale. Wengine husema ni laana ya mahali, wengine husema ni husuda ya watu.

Sisi twasema jibu limo katika udongo, nalo ni kitu kidogo mno kiitwacho spora. Mtu akiifahamu spora vizuri, ataelewa kwa nini siku zote twawaomba neno moja kabla ya mengine yote: mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe.

KIJIDUDU CHENYEWE

Kimeta huletwa na kijidudu ambacho wataalamu hukiita Bacillus anthracis. Hakionekani kwa macho, ila kwa hadubini. Umbo lake ni kama kijiti ambacho ncha zake zimekatwa mraba, tena vijiti hivi hushikamana kichwa kwa mkia, hata vyafanana na mwanzi wenye mafundo. Mwaka 1850 waganga wawili wa Ufaransa, Rayer na Davaine, waliviona vijiti hivyo katika damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta. Lakini wataalamu walibishana miaka mingi. Wengine walisema vijiti ndivyo viuavyo. Wengine wakasema, la, vimezuka tu katika mzoga. Tena ilikuwapo shaka moja kubwa: vijiti hivyo hufa upesi, na damu ikiwekwa siku chache hupoteza nguvu yake, bali yako malisho yaliyoendelea kuua kondoo mwaka baada ya mwaka. Wakulima wa Ufaransa waliyaita malisho hayo mashamba yaliyolaaniwa. Mwaona basi kwamba swali lao lilikuwa ndilo swali letu.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Robert Koch, daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, uliokuwa wakati ule chini ya Wajerumani, na siku hizi ni Wolsztyn katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara ya fahari. Alikuwa na hadubini yake, panya wake, na subira. Alichukua tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akatia ndani yake chembe ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akalitunza katika joto, akakaa akilitazama. Akaona vijiti vikirefuka hata vikawa nyuzi ndefu. Kisha ndani ya nyuzi zikatokea punje zing'aazo, zimepangana kama shanga katika uzi. Baadaye nyuzi zikayeyuka, zikabaki punje peke yake. Punje hizo alizikausha, na baadaye akazipa majimaji mapya, nazo zikarudi kuwa vijiti; akawatia panya, wakafa kwa kimeta. Mwaka 1876 aliyachukua mambo hayo mpaka Breslau, akamwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kwa macho yake, na mwaka huo huo yakapigwa chapa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kijidudu kina sura mbili: kijiti, ambacho ndicho kiuacho na ambacho hufa upesi, na punje, ambayo hungoja. Punje hiyo ndiyo spora.

JINSI SPORA IFANYWAVYO

Sisi twaiita mbegu, na mfano huo ni mwema, lakini haufai kwa kila jambo. Mhindi mmoja hutoa punje nyingi. Kijidudu kimoja hutoa spora moja tu. Kwa hiyo spora si njia ya kuzaa, ni njia ya kujificha. Maadamu kijidudu kimo katika damu ya mnyama aliye hai, hakina haja ya kujificha, kwa kuwa kina chakula na joto. Huzidi tu kwa kujigawa, mmoja kuwa wawili, wawili kuwa wanne. Mnyama afapo, damu yake huwa na vijidudu zaidi ya milioni 10 katika mililita moja, na mililita moja haipati kujaza kijiko kidogo cha chai.

Sasa damu hiyo ikimwagika nje, chakula chakoma, nayo hewa yaingia. Hewa ndiyo iamuayo kila kitu. Kijidudu kikikosa chakula na kikapata hewa, na joto likiwa la kutosha, huanza kujenga spora ndani ya mwili wake. Kwanza hujigawa vipande viwili visivyo sawa, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kile kikubwa chamzunguka mdogo kama mama amkumbatiavyo mwana, na kwa muda wa saa kadhaa humjengea kuta. Kazi ikiisha, mama hupasuka akafa, na spora hutoka.

Tuitazame nyumba hiyo. Katikati ni chumba ambamo urithi wote wa kijidudu umewekwa, yaani ile DNA. Chumba hiki kimekaushwa sana. Maji yake yametolewa, na mahali pake pamewekwa chumvi ya kalisi na asidi iitwayo dipikoliniki. Tena DNA imefungwa kwa protini ndogo zinazoilinda isiharibiwe na joto wala na mionzi ya jua. Nje ya chumba upo ukuta mnene uzuiao maji yasirudi ndani. Nje yake tena yako magamba ya protini, yaliyo magumu, yazuiayo dawa nyingi zisipenye. Na juu ya yote uko utando mwembamba wenye vinyweleo vidogo mno. Nyumba nzima haizidi sana sehemu moja ya elfu ya milimita. Spora elfu moja zikipangwa mstari mmoja hazitapita upana wa punje ya mtama. Ndani ya nyumba hiyo hakuna kula, hakuna kukua, wala hakuna kuzaa. Ni usingizi unaofanana na mauti, lakini si mauti.

NGUVU ZA SPORA

Kitu kisicho na maji ndani yake hakikauki zaidi, na kitu kisichokula hakifi kwa njaa. Ndiyo sababu ukame hauiui spora, wala baridi haiiui. Spiriti ya hospitali, ambayo huua vijidudu vingi, haiiwezi. Chumvi ya kukaushia ngozi haiiondoi. Mwaka 1881 Koch na mwenziwe Wolffhügel waliona kwamba joto kavu la digrii 140 lilihitaji saa tatu kuziua spora. Mvuke ulioshindiliwa ndani ya chombo kilichofungwa, wenye joto la digrii 121, huziua kwa muda mfupi zaidi, nao ndio utumiwao hospitalini kusafisha vyombo. Lakini sufuria ya nyumbani si chombo hicho. Vijiti hufa katika maji yanayochemka, walakini spora zaweza kustahimili; na kipande kinene cha nyama huweza kuiva nje kabla moto haujafika katikati. Jua kali huziua zile zilizo wazi kabisa, ila zilizofunikwa na udongo hata kidogo tu haziguswi.

Mtu aweza kuuliza, "Zakaa muda gani?" Hatutaki mwamini maneno matupu, basi twataja mambo matatu yaliyothibitika.

La kwanza latoka huku kwetu Afrika. Katika mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mifupa ya wanyama ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa kama miaka 200. Ndani yake zilipatikana spora za kimeta, nazo zilikuwa hai.

La pili ni la Ulaya. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, mtu mmoja aliyeitwa Baron von Rosen alikamatwa kaskazini ya Norway akiwa na vipande vya sukari vilivyofichwa spora za kimeta ndani yake, vya kulishwa wanyama wa kubeba mizigo. Kipande kimoja kilisahauliwa katika jumba la ukumbusho la polisi huko Trondheim. Miaka 80 ikapita. Wataalamu wa Uingereza walipokichunguza, wakatangaza mwaka 1998 kwamba spora chache zilikuwa bado zaweza kuamka.

La tatu ni kisiwa cha Gruinard, kando ya Scotland. Katika mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Uingereza ilijaribu huko silaha ya kimeta juu ya kondoo. Kondoo walikufa, na kisiwa kikafungwa, hakuna mtu kukanyaga. Kilikaa hivyo miaka 48. Mwaka 1986 ilibidi udongo wake umwagiwe fomalini tani 280 iliyochanganywa na maji ya bahari, kisha kondoo wazima wakawekwa wachunge pale kwa majaribio. Mwaka 1990 ndipo kilipotangazwa kuwa salama. Fikirini, ndugu zetu: nchi tajiri, yenye wataalamu wengi, ilitumia nguvu zote hizo kwa kisiwa kidogo kimoja. Sisi na malisho yetu mapana tutapata wapi fomalini ya kuyaosha? Udongo ulioingiwa na spora hausafishiki kwa nguvu za kijiji. Haukuachiwa ila njia moja: usiingiwe.

JINSI UDONGO URUDISHAVYO MARADHI

Si kila udongo huzihifadhi spora sawasawa. Udongo usio mchachu, wenye kalisi nyingi na mbolea ya majani yaliyooza, huzihifadhi vizuri zaidi. Mvua kubwa huziinua na kuzikusanya penye mabonde na madimbwi. Kiangazi kikija, nyasi huwa fupi, na ng'ombe hung'oa majani pamoja na mizizi na mchanga. Majani makavu na miiba huwakwaruza midomo, na spora hupata mlango. Ndiyo maana kimeta hupenda kuzuka pale ukame ufuatapo mvua nyingi, au mvua zinyeshapo baada ya ukame mrefu.

Hata mzoga wenyewe huweka mtego. Katika mbuga ya Etosha, nchi ya Namibia, wataalamu walichunguza mahali ambapo punda milia walikuwa wamekufa kwa kimeta. Waliona kwamba damu na uozo viliurutubisha udongo, na mwaka uliofuata majani yaliota hapo mabichi na marefu kuliko ya kando. Punda milia wengine waliyavutiwa majani hayo, wakaja kuyala pamoja na udongo wake. Mchungaji akiona shada la majani mazuri peke yake katika malisho makavu, na akumbuke kama hapo hakufa mnyama.

Wako na wachukuzi. Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza mwaka 1880 kwamba nyungunyungu waweza kuzipandisha spora kutoka makaburi ya mifugo yasiyochimbwa kina. Kruger waliona nzi wa mizoga wakinyonya damu, kisha wakiruka na kuidondosha juu ya majani ya vichaka, ambapo tandala huja kula. Tai na fisi hutawanya vipande na kuchafua maji. Wanyama wa porini hupatwa kama wetu: katika miaka ya 2004 na 2005 viboko wapatao 300 walikufa katika mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda, na mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa penye ziwa Nakuru, Kenya. Pande za Ngorongoro na Monduli, Tanzania, ambako ng'ombe na nyumbu hushirikiana malisho, watu wayajua maradhi haya tangu zamani.

Spora ikiisha kuingia mwilini, yapata alama kwamba mahali hapa pana chakula na joto. Ndipo ifunguapo kuta zake, inywe maji, na kuwa kijiti tena. Kijiti hujivika koti la utelezi ili askari wa damu wasikimeze, nacho hutoa sumu ambayo huvimbisha mwili na kuuangusha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kitu kilicholala miaka hamsini chaamka, na siku chache tu baadaye ng'ombe amekufa.

JINSI KIMETA KITAMBULIWAVYO

Dalili za nje husaidia, lakini hazitoshi. Ng'ombe akifa ghafla, akafura upesi, asikakamae sawasawa kama mizoga mingine, na damu isiyoganda ikamtoka, yafaa kumdhania kimeta mpaka ithibitike sivyo. Walakini radi nayo huua ghafla, na nyoka, na majani yenye sumu. Kwa hiyo damu hupimwa.

Bwana mifugo hahitaji kumpasua mnyama ili apime. Huchukua tone moja tu la damu, mara nyingi katika mshipa wa sikio, akalipaka juu ya kioo chembamba na kulikausha. Maabara hulitia rangi ya buluu iitwayo methilini. Njia hii ilielezwa na M'Fadyean wa Uingereza mwaka 1903, na hata leo inatumika. Chini ya hadubini vijiti huonekana vya buluu iliyoiva, ncha mraba, na kuvizunguka liko lile koti la utelezi, nalo limegeuka rangi ya waridi. Mwenye macho yaliyozoea hulijua mara moja. Kwa hiyo tone moja na kioo kimoja vyaweza kufanya kazi ambayo kisu hakiwezi.

Lakini kipimo hiki chataka damu mbichi. Siku chache zikipita, vijidudu vya uozo vitokavyo tumboni huviua vijiti vya kimeta, na hadubini haioni kitu. Tena mnyama aliyechomwa sindano ya dawa kabla ya kufa aweza kuficha vijiti vyake. Basi msichelewe kupeleka habari, wala msifiche kama mlimpa dawa.

Kuitafuta spora katika udongo ni kazi ngumu zaidi, maana udongo umejaa vijidudu vingine vyenye spora, na wengine ni ndugu wa karibu wa kimeta wasiodhuru mifugo. Maabara huchanganya udongo na maji, kisha huyapasha moto kiasi cha kuua vijidudu visivyo na spora. Ile nguvu ya spora yenyewe ndiyo inayoifichua. Kinachobaki hupandwa katika chakula cha maabara chenye dawa zinazowazuia ndugu zake, kisha hutazamwa: kimeta hakitembei, hakiyeyushi damu, na penisilini hukizuia. Mwisho hupimwa DNA. Kijidudu cha kimeta kinacholeta maradhi kina pete mbili ndogo za urithi, moja ya sumu na moja ya koti. Zikionekana zote mbili, pamoja na alama yake nyingine, shaka yaondoka. Kiko pia kipimo cha haraka cha madini yaitwayo tabiumu, ambayo yakikutana na ile asidi ya dipikoliniki hung'aa rangi ya kijani chini ya taa maalumu. Lakini kipimo hicho chasema tu kwamba hapa pana spora. Hakisemi ni spora ya nani.

Ninyi wachuuzi wa ngozi, mwaweza kusema kwamba ngozi kavu haina damu ya kupima. Tangu mwaka 1911 kipo kipimo cha Ascoli, mtaalamu wa Italia, ambacho hutafuta mabaki ya kijidudu hata katika ngozi iliyokauka zamani. Ngozi ya kibudu yaweza kumsemea mwenyewe mbali na hapa.

KISU NDICHO KIPANDACHO

Sasa twafika penye neno lenyewe. Mtu atatuambia: "Baba zetu walikula nyamafu, nasi tumekula, wala hatukufa." Hatumwiti mwongo. Yawezekana mtu akala nyama iliyopikwa sana asidhurike, kwa sababu moto umeviua vijiti. Lakini yatazameni mambo aliyofanya kabla ya kula. Alimpasua mnyama. Aliichuna ngozi. Damu ikamwagika mchangani, akaikanyaga, akaichukua kwa miguu mpaka nyumbani. Tumbo akalitupa, mbwa wakaliburura. Damu iliyokuwa imefungiwa ndani ya mzoga, ambamo hakuna hewa, na ambamo vijiti vingekufa kwa uozo kwa siku chache, sasa ameifungulia hewa. Kwa kisu chake amewapa vijidudu ruhusa ya kujenga nyumba. Jioni ile alikula, akashukuru. Na malisho yake yakapokea mbegu ambazo yeye hatazihesabu, bali wajukuu wake watazivuna.

Tena si wote huponea. Anayechuna ana kidonda kidoleni. Siku chache baadaye yatokea lengelenge liwashalo, kisha kovu jeusi lisilouma, na uvimbe mkubwa kulizunguka. Lisipotibiwa, mtu mmoja katika watano aweza kufa. Likitibiwa mapema, karibu wote hupona. Kwa walioila nyama, maradhi ya tumbo ni mabaya zaidi; na yale ya mapafuni, kwa kuvuta vumbi la spora za ngozi au sufi, ni mabaya kuliko yote. Penisilini na dawa nyingine za siku hizi huviua vijiti, lakini haziwezi kuua spora iliyolala. Kwa hiyo aliyevuta vumbi hilo hupewa dawa kwa siku 60, zisije zikaamka baadaye. Mwenye dalili hizi asilikamue lengelenge wala asilichome kwa moto. Aende hospitali siku ile ile, na aseme wazi kwamba aligusa kibudu.

Jambo la Zimbabwe latufundisha. Kati ya miaka 1978 na 1980, nchi ikiwa vitani, kazi ya mifugo ilivunjika na chanjo zikakoma mahali pengi. Kimeta kilienea wilaya kwa wilaya. Watu wapatao 10,000 waliugua, na zaidi ya 180 walikufa. Wengi wao ni watu kama sisi, waliochuna na kula ng'ombe wao waliokufa, kwa sababu njaa ilikuwapo na hakuna aliyewaonya.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mnyama akifa ghafla, asipasuliwe, asichunwe, asiburutwe. Fukuzeni mbwa na mifugo, mfunikeni kwa matawi ya miiba au turubai, na mtu mmoja aende upesi kwa bwana mifugo.

Pili, mzoga uchomwe mpaka uwe majivu, pamoja na udongo uliolowa damu chini yake. Kuni zikikosekana, uzikwe kwa maagizo ya bwana mifugo, katika shimo lenye kina cha mita mbili, mbali na maji, na mahali pawekwe alama na kuzungushiwa ua. Zamani iliagizwa kumwaga chokaa juu ya mzoga. Siku hizi wataalamu hawaipendi, maana kalisi ya chokaa yaweza kuzisaidia spora zidumu.

Tatu, mifugo ichanjwe kila mwaka penye kimeta, kabla ya majira yake. Chanjo si jambo la jana. Mwaka 1881, kule Pouilly-le-Fort, Pasteur aliwachanja kondoo 24, akawaacha wengine 24 bila chanjo, kisha akawatia wote kimeta mbele ya watu. Waliochanjwa wakabaki wazima, wasiochanjwa wakafa. Ile itumikayo sana leo ilitengenezwa na mtaalamu wa Afrika Kusini, Max Sterne, penye maabara ya Onderstepoort, mwaka 1937. Kijidudu chake kimepoteza ile pete ya koti, kwa hiyo askari wa damu humshinda, nao hujifunza. Kinga yataka kama siku kumi ishike, na hudumu karibu mwaka mmoja. Msiwape ng'ombe penisilini siku zile za chanjo, kwa kuwa dawa itaiua chanjo yenyewe.

Wala msiache kwa sababu miaka imepita bila msiba. Huko Yamal, kaskazini ya Urusi, ambako watu hufuga kulungu wa nchi za theluji, kimeta hakikuonekana tangu mwaka 1941. Mwaka 2007 wakaacha kuchanja. Mwaka 2016 likaja joto lisilo la kawaida, barafu ya ardhini ikayeyuka, na kulungu zaidi ya 2,000 wakafa, pamoja na mtoto mmoja wa miaka 12. Udongo haukusahau, waliosahau ni watu.

Wazee wetu, twajua uzito wa neno tuliombalo. Ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni ada ya shule. Aliyempoteza fahali wake asubuhi, kisha akaambiwa jioni achome nyama na ngozi pamoja, huyo amepata hasara mara mbili, nasi hatuwezi kumrudishia. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Ng'ombe aliyekufa amekwisha kupotea, awe amechunwa au hakuchunwa. Ambayo bado hayajapotea ni malisho, na ng'ombe waliobaki zizini, na mikono ya watoto wetu. Basi jirani akipatwa na msiba huu, tusimwache peke yake na hasara yake. Tumsaidie kukata kuni, na kila zizi likiweza limtolee chochote, ili asivutwe na njaa kushika kisu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize. Na mwenye ng'ombe wasiochanjwa na aandikishe hesabu yao leo, kabla hatujaondoka barazani.